Mume Wangu Aende Nairobi, au Tuendelee Kuingoja Sheria ya Washington?

BARUA

Shikamoo Mama,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaiacha, kwa sababu jambo lenyewe ni la chumbani kwangu na papo hapo ni la serikali, na sikujua nitangulize lipi. Nina miaka 44. Nimezaliwa Likoni, Mombasa, nikaja Marekani mwaka 2003 kwa bahati nasibu ya viza, na mwaka 2011 nikala kiapo cha uraia. Naishi Houston, Texas, ambako ni muuguzi wa zamu ya usiku. Nina watoto watatu, wa miaka 12, 9 na 5, wote wamezaliwa hapa na wote ni raia.

Mume wangu ni mtu wa Mji wa Kale, na alikuwa baharia. Mwaka 2006 meli yao ilitia nanga Veracruz, Mexico, wakati mabaharia walikuwa hawajalipwa kwa miezi kadhaa. Akashuka na mwenzake mmoja, wakapanda mabasi hadi mpakani, na usiku akavuka mto Rio Grande maji yakiwa kifuani. Hakuna afisa aliyemkagua, wala hakuna muhuri uliogongwa kwenye pasipoti yake. Tangu usiku huo hajatoka Marekani hata siku moja. Tulijuana kwenye harusi ya watu wa pwani mwaka 2010, tukaoana 2012, na kabla ya posa alinieleza kila kitu, kwa hiyo siwezi kudai kwamba nilifichwa. Nilijiambia tu kuwa mimi ni raia, na mume wa raia hupata makaratasi.

Wakili ndiye aliyenitoa katika ndoto hiyo. Alitueleza kwamba kama mume wangu angeingia kwa viza, hata kama viza hiyo ingekwisha muda wake zamani, angeweza kupewa kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, hapahapa. Kwa kuwa aliingia bila kukaguliwa, lazima atoke nchini aende kuhojiwa kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi, na akishatoka tu, sheria ya mwaka 1996 inamfungia nje kwa miaka 10. Njia pekee ni kuomba msamaha kabla ya kutoka, na ili upewe ni lazima uthibitishe kwamba mke wako raia atapata taabu iliyokithiri ukiwa mbali. Taabu ya watoto peke yao haihesabiwi. Tuliomba mwanzoni mwa 2022, tukangoja zaidi ya miaka mitatu, na mwezi uliopita barua ikaja kwamba msamaha wa awali umekubaliwa. Mimi nililia jikoni. Yeye aliisoma, akaikunja, akaiweka juu ya friji, akasema, “Tusubiri kwanza.”

Mama, neno hilo “tusubiri” limenichosha. Ndoa yetu yote imepimwa kwa miswada. Mwaka 2013, nikiwa na mimba ya mtoto wa kwanza, Seneti ilipitisha sheria ya uhamiaji kwa kura 68 dhidi ya 32, tukashikana mikono mbele ya televisheni. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura mswada huo hadi ukafa. Novemba 2014 Rais Obama alitangaza mpango wa kuwalinda wazazi wa watoto raia, na mume wangu alitimiza kila sharti, lakini jaji wa hapa Texas akauzuia, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikagawanyika 4 kwa 4, mpango ukafia hapo. Mwaka 2020, korona ilipoingia na mimi nikawa nashinda na wagonjwa, sheria ya Machi ile ya kuwapa wananchi dola 1,200 ilinipita kando pamoja na watoto wangu, kwa sababu tu nilijaza kodi pamoja na mume anayelipa kodi kwa namba ya mlipakodi na hana namba ya hifadhi ya jamii. Bunge lilirekebisha jambo hilo Desemba, lakini mimi sijalisahau. Kisha Juni 2024 Rais Biden akatangaza mpango wa wenzi wa raia waliokaa miaka 10 au zaidi. Maombi yalifunguliwa Agosti 19, sisi tukatuma wiki hiyohiyo, na Agosti 26 jaji wa Texas akasimamisha utoaji wa vibali. Novemba 7 mpango mzima ukabatilishwa. Kila mara ni faili lilelile, picha zilezile za harusi na stakabadhi zilezile za kodi ya nyumba.

Sasa msamaha umekuja na yeye hataki kwenda. Anasema anaogopa yaliyompata bibi mmoja wa Los Angeles, raia kama mimi, ambaye mumewe alikwenda kuhojiwa El Salvador mwaka 2015 na akanyimwa viza, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba raia hana haki ya kikatiba ya kudai mwenzi wake aruhusiwe kuingia. Katika kesi hiyo tatuu za yule bwana ziliingia kwenye mzozo, na mume wangu ana tatuu ya nanga mkononi tangu ubaharia wake. Huifunika kwa mkono wa shati hata wakati wa joto. Mamake, mwenye miaka 78, ni mgonjwa Mombasa. Kila Ijumaa humwambia kwa simu, “Ngoja ngoja yaumiza matumbo,” naye humjibu, “Haraka haraka haina baraka, mama,” kisha hutoka nje kwenda kukaa ndani ya gari.

Kaka yangu mkubwa, raia na yeye, kila uchaguzi huwapigia kura wanaoahidi kufunga mpaka. Husema sheria ni sheria na kwamba dada yetu niliyemwombea viza mwaka 2012 bado yuko kwenye foleni Likoni, basi kwa nini mume wangu apite mbele yake. Tumeacha kualikana. Mtoto wangu mkubwa hajui hali ya babake. Anajua tu kwamba baba haendeshi gari usiku na kwamba hatusafiri kwa ndege.

Nimsukume aende Nairobi? Tukae na hofu hii, na jinsi mambo yalivyo mwaka huu wa 2025? Au tuhamie Mombasa sote? Nimeanza kumkasirikia mume wangu hata anapokula, na sijui kama hasira ni yake au ni ya Bunge.

Mama wa Watatu, Houston

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako usiku, nikairudia asubuhi baada ya kunywa chai, na ninashukuru kwamba safari hii hukuifuta. Kabla sijasema lolote nataka nihakikishe nimekusikia. Unaniambia kwamba umeolewa na mtu unayempenda, mwenye kosa moja la kuingia nchini ambalo hakukuficha. Kwamba kwa miaka 13 nyumba yenu imekuwa ikipanda na kushuka kwa kura za watu wasiowajua. Kwamba sasa, kwa mara ya kwanza, mlango umefunguka kwa jitihada zenu wenyewe wala si kwa mswada, na yule uliyemfungulia amesimama kizingitini. Juu ya hayo kuna mama mgonjwa, kaka asiyealikwa, na mtoto asiyeambiwa. Mimi si wakili, kwa hiyo mambo ya sheria nitakayoyagusa uyapeleke kwake ayathibitishe kwa faili lenu.

Niruhusu nianze na hasira, kwa sababu umeiuliza waziwazi. Nadhani sehemu kubwa ya hasira hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe si mume wako. Mara ya mwisho Marekani kutoa njia kubwa ya uhalali kwa watu wa hali yake ilikuwa mwaka 1986, chini ya Rais Reagan, ambapo watu wapatao milioni 2.7 walipata makaratasi. Ipo hata kanuni ya zamani inayomruhusu mtu aliyekaa nchini tangu tarehe fulani aombe ukaazi wa kudumu. Tarehe hiyo ni Januari 1, 1972, na haijasogezwa tangu 1986. Kama wabunge wangekuwa wakiisogeza kila baada ya miaka michache, mume wako angekuwa na kadi yake zamani, bila kelele za uchaguzi. Kisha mwaka 1996 wakaweka ile adhabu ya miaka 3 na miaka 10, ambayo inaanza mtu anapotoka nchini, na kwa hiyo wengi ambao wangetoka kwenda kutengeneza mambo yao wakaogopa kutoka. Tangu hapo kila upande umekuwa ukikataa nusu mkate kwa kuwa uliahidiwa mkate mzima baada ya uchaguzi ujao. Marais nao, walipoona Bunge limekwama, wakaandika mipango ambayo jaji mmoja anaweza kuizima kwa wiki moja, kama ulivyojionea mwenyewe Agosti ile.

Katika mkwamo huo kaka yako naye hajapata alichokitaka. Februari 2024 mswada wa mpaka uliotungwa na maseneta wa pande zote mbili, wenye masharti makali ambayo watu wa msimamo wake walikuwa wakiyaomba, uliangushwa kwa kura 49 dhidi ya 50. Na ile foleni ya dada yenu, ambayo kaka anaitumia kama fimbo ya kumpigia mumeo, ni ndefu kwa sababu nafasi za ndugu wa raia ni 65,000 tu kwa mwaka kwa dunia nzima, kiwango kilichowekwa na sheria ya mwaka 1990. Mumeo hayumo katika foleni hiyo na hachukui nafasi ya dada yenu, kwa kuwa wenzi wa raia hawana kikomo cha idadi. Sikwambii haya ili umshinde kaka yako katika mabishano. Nakwambia kwa sababu inawezekana nyinyi wawili mmekasirishwa na Bunge lilelile, na mkagawana hasira hiyo kana kwamba ni urithi wenye wadai wawili. Anaposema sheria ni sheria, huenda anamwombolezea dada yake. Umewahi kumuuliza?

Sasa nije kwa mume wako, na hapa nataka nikuulize jambo ambalo limenikaa moyoni tangu niisome barua yako. Ili mpate msamaha ule, mlilazimika kuthibitisha kwamba wewe utapata taabu iliyokithiri akiwa mbali. Najua namna maombi hayo yanavyoandikwa. Mtu huandika kurasa nyingi juu ya usingizi wake uliopotea, madeni yake, presha yake, watoto atakaoshindwa kuwalea peke yake akiwa zamu ya usiku, na daktari akaongeza barua yake. Yote hayo ulisema kweli, na ilibidi uyaseme. Lakini mwombaji wa msamaha kisheria ni yeye. Yeye ndiye aliyetia sahihi. Kwa hiyo alisoma, kwa mwandiko wako, kwamba akiondoka utavunjika, kisha akangoja zaidi ya miaka mitatu, kisha ikaja barua inayomwambia: tumekubali kwamba mke wako atavunjika ukiwa mbali, basi sasa ondoka.

Sina hakika kwamba hiyo ndiyo sababu ya “tusubiri” yake. Lakini umeichukulia “tusubiri” kuwa ni uvivu, au woga, au imani ya kitoto kwamba safari hii Washington itapitisha sheria, na mimi ninashuku kwamba imekuwa ni neno la kufunikia mambo ambayo mwanamume wa pwani hafundishwi kuyataja. Huenda ni wewe anayekuhofia. Huenda ni mamake: mtu aliyeondoka akiwa kijana na kukosa kurudi kwa miaka 19 anaweza kutamani kumwona mama yake na vilevile kuogopa kuonwa naye, bila nyumba aliyoijenga Mombasa, bila lolote la kuonyesha isipokuwa tatuu ya nanga. Huko kukaa ndani ya gari baada ya simu ya Ijumaa sikuoni kama kukwepa. Nakuona kama mahali pake pa kulia. Unaweza kuwa unajua hayo kuliko mimi. Naomba tu usiende kumsukuma kabla hujajua unasukuma nini.

Tuzitazame njia tatu ulizozitaja, kila moja na hatari yake.

Ya kwanza ni Nairobi. Msamaha wa awali unasamehe jambo moja tu, nalo ni ule muda aliokaa bila kibali. Afisa wa viza akiona kikwazo kingine, msamaha huo unafutika wenyewe, na mumeo anabaki upande wa huko. Kwa hiyo kazi kubwa ya safari hiyo inafanyika Houston, kabla tiketi haijanunuliwa. Mwulize wakili kama mmeshaomba kumbukumbu zote za serikali zinazomhusu, ili mjue kama alama za vidole vyake zilichukuliwa popote pale mpakani mwaka 2006. Muulize mumeo, kwa upole na mlango ukiwa umefungwa, kama aliwahi kujaza fomu ya kazi akaweka alama kwamba ni raia wa Marekani. Wengi walifanya hivyo bila kujua uzito wake, na kwa mtu anayeomba viza ya kuhamia, kosa hilo karibu halina msamaha. Muulize kama kweli hajawahi kutoka na kurudi, maana mtu aliyekaa bila kibali zaidi ya mwaka, akatoka, kisha akavuka mpaka tena kwa siri, huangukia adhabu nyingine nzito zaidi. Ikiwa majibu yote ni safi, hatari inapungua sana, ingawa haimaliziki.

Kuhusu tatuu, hofu yake si ya kipuuzi, na usimcheke. Katika kesi ya Sandra Muñoz, yule bibi wa Los Angeles, serikali hatimaye ilieleza kwamba mumewe alishukiwa kuwa mtu wa genge la MS-13, jambo ambalo mke na mume walilikanusha, na hakukuwa na mahali pa kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa afisa. Hata hivyo nanga mkononi mwa baharia wa Mombasa ina ushahidi wa maisha nyuma yake: kitabu chake cha ubaharia, mikataba ya meli, picha za enzi zile kama zipo. Mamake huenda ameweka baadhi ndani ya sanduku. Kuvitafuta vitu hivyo kungempa mumeo kazi ya kufanya kwa mikono yake, na nadhani anaihitaji. Pigeni pia hesabu ya miezi, wala si wiki tu: nani atabaki na watoto usiku ukiwa kazini, kodi ya nyumba italipwa vipi bila mshahara wake, na mtafanyaje ikiwa uchunguzi wa ziada utamchelewesha. Juni 2025 tangazo la rais liliwazuia raia wa nchi 12 kuingia Marekani na kuwawekea wa nchi nyingine 7 vikwazo. Kenya haikuwemo, lakini mtu anayepanga safari ya aina hii aamke kila asubuhi akijua kwamba orodha inaweza kubadilika kwa sahihi moja.

Ya pili ni kukaa. Hii inaonekana kama kutofanya lolote, na ndiyo maana inavutia, lakini mambo yanasogea hata mtu akikaa. Msamaha uliokubaliwa haumpi mumeo kibali cha kukaa wala cha kufanya kazi, na haumkingi asikamatwe. Texas haimpi leseni ya udereva, kwa hiyo kila anapokwenda kazini anabeba hatari ambayo jirani yake haijui. Mwaka 2025 serikali ilishika msimamo kwamba watu walioingia bila kukaguliwa wasipewe dhamana wakiwekwa kizuizini, na mahakama zimekuwa zikivutana juu yake. Akifikishwa mbele ya jaji wa uhamiaji, kuna njia ya kuomba asiondolewe kwa kuwa amekaa zaidi ya miaka 10 na ana mke na watoto raia, na hapo taabu ya watoto inahesabiwa. Lakini kipimo chake ni kikali kuliko kile mlichokipita, na nafasi ni 4,000 kwa mwaka nchi nzima. Sidhani kuna mtu anayepaswa kuichagua njia hiyo kwa hiari. Kisha faili la viza lenyewe halilali milele: mkiitwa kuomba viza, mkakaa kimya mwaka mzima, linaweza kufutwa pamoja na msamaha wake. Mwombe wakili akuandikie tarehe hizo kwenye karatasi moja.

Na bado ninaielewa nyumba inayochagua kukaa. Watoto wanalala na baba yao yupo. Kila usiku wa namna hiyo una thamani yake, na mtu asiyeishi maisha hayo asiwaite waoga.

Ya tatu ni kuhamia Mombasa. Nimeona umeitaja kwa maneno manne tu, na sijui kama ni kwa sababu huitaki au kwa sababu unaitaka mno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakuruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, na aliyeupoteza wa Kenya anaweza kuomba aurudishiwe. Watoto wenu nao wana haki ya uraia kwa kuwa wazazi wao ni Wakenya. Ile miaka 10 ya mumeo ingehesabika akiwa nyumbani kwake, na wewe ungebaki raia wa Marekani. Lakini Likoni uliyoiacha mwaka 2003 haipo tena kama ilivyokuwa. Mshahara wa uuguzi ni mwingine, na pesa unazotuma leo kwa dada na mama mkwe zitakuwa zinatoka mfuko gani? Mtoto wa miaka 12 anayeingia shule mpya kwa Kiswahili cha kusikiliza tu anahitaji zaidi ya tiketi. Tena kuna swali lililo zito kuliko yote hayo: mkihama, mtakuwa mnaifuata nyumba yenu, au mtakuwa mmefukuzwa? Watoto hujua tofauti hiyo hata kama hamkuisema.

Huyo mkubwa, kwa maoni yangu, huenda ameshajua zaidi ya unavyodhani. Mtoto anayeona baba haendeshi usiku, hapandi ndege, hakunji mkono wa shati kwenye joto la Houston, hutunga maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi maelezo ya mtoto ni ya kutisha kuliko ukweli. Sisemi umweleze kesho. Nasema mkae wawili, baba na mama, muamue ataambiwa nini, na nani, na lini, ili asije akalisikia mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye sare. Vyovyote mtakavyochagua, andikisheni kwa wakili karatasi ya kumtaja mtu atakayewashika watoto ikiwa mmoja wenu hayupo na mwingine yuko zamu. Mtu huyo anaweza hata kuwa kaka yako. Nimewaza sana kabla ya kuandika sentensi hiyo, nami ninaiacha kama ilivyo.

Umeandika kwa namna inayonionyesha kwamba unaona uraia wako haukukusaidia kitu: una kura, lakini huna uwezo wa kumweka mumeo nyumbani kwa amani. Nakubaliana nawe kwamba hali hiyo si ya haki, na kwamba raia aliyehudumia wagonjwa mwaka 2020 hakustahili kupitwa kando. Lakini mlango huu mmoja uliofunguka umefunguka kwa jina lako. Na upo uzito mwingine wa uraia ambao watu wetu wengi hawautumii: ofisi ya mwakilishi wa jimbo lako katika Bunge la Washington ina wafanyakazi wanaofuatilia mafaili ya wakazi kwenye idara na balozi za serikali. Hawawezi kumlazimisha afisa, ila wanaweza kuuliza faili limefika wapi, na faili linaloulizwa si sawa na faili lililosahauliwa. Fika hapo au piga simu kabla ya tarehe ya mahojiano kupangwa, hata kama mwakilishi huyo ni wa chama ambacho hukukipigia kura. Kaka yako anaweza kukusindikiza, kama atataka.

Nimekuona unanitaka nikwambie aende au abaki, na mwanangu, sitafanya hivyo, kwa sababu mimi sitakuwepo jikoni kwako wiki ya kumi akiwa Nairobi, wala sitakuwepo akisimamishwa barabarani akitoka kazini. Nyinyi mtakuwepo. Ninachoweza kukuomba ni kimoja. Siku ya mapumziko yako, watoto wakiwa wamelala, iteremshe ile barua kutoka juu ya friji, na pamoja nayo uchukue nakala ya kurasa ulizoandika juu ya taabu yako. Msomee kwa sauti. Ukifika mwisho, mwambie ni lipi kati ya hayo bado ni kweli na ni lipi miaka hii mitatu imelibadilisha, maana mwanamke aliyeandika kurasa zile mwaka 2022 huenda alikuwa dhaifu kuliko huyu aliyeniandikia mimi, au huenda alikuwa na nguvu zaidi. Sijui, na nadhani yeye pia hajui. Kisha mwache aseme. Akitoka kwenda kukaa ndani ya gari, mfuate ukakae kiti cha pembeni.

Mfikishie mama mkwe salamu zangu Ijumaa, umwambie namwombea afya. Nawe uniandikie tena, hata kama ni mistari miwili.